Halmashauri zetu za Lindi na Mtwara: huduma kwa watoto na vijana tunazipimaje kwa ukweli?

MwanaMtama

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaoujua mfumo wa halmashauri kwa ndani.

Mtandao wetu wa asasi ndogo na vikundi vya vijana hapa Lindi umekubaliana kupima namna halmashauri inavyowahudumia watoto na vijana: shule, afya na lishe, ulinzi dhidi ya ukatili, mikopo ya vijana. Fedha za kumlipa mshauri hatuna. Tuna watu kumi na wawili wanaojua kusoma takwimu kidogo, na pikipiki tatu.

Msingi wa kisheria tunao. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kinaibebesha mamlaka ya serikali za mitaa jukumu la kulinda na kukuza ustawi wa mtoto aliyeko katika eneo lake. Tunachotaka kujua ni kama jukumu hilo linatekelezwa, na linakwamia wapi.

Rasimu yetu ya kwanza ina viashiria 64 na tayari imetuelemea. Tubaki na vipi? Takwimu tuziombe ofisi gani? Watoto wenyewe tuwasikilize vipi bila kuwaumiza? Na ripoti ikishaandikwa ipite njia gani ili iguse bajeti? Kama kuna aliyeifanya kazi hii Masasi, Newala, Kilwa au kwingine kusini, atuelekeze na makosa yanayojirudia.

Hesabu_za_Kata

Viashiria 64 vipunguzeni hadi vinane au kumi, kisha kila kimoja mkifuate mpaka mwisho wake. Chora jedwali la safu nne: kilichotakiwa na sheria au mwongozo, kilichopitishwa na baraza la madiwani, kilichotolewa kweli, na kilichomfikia mtoto. Tathmini nyingi zinakomea safu ya pili. Ndiyo maana unakuta halmashauri inasifiwa kwa bajeti huku zahanati ya kijijini haina hata ubao wa kumpimia mtoto urefu.

Nianze na fedha, maana huko ndiko nilikozoea.

Lishe kwanza. Halmashauri inatakiwa kutenga Sh 1,000 kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Wakiwa watoto 20,000, hiyo ni Sh 20,000,000. Muulize Afisa Lishe na Mweka Hazina mambo matatu: mmetumia idadi gani ya watoto, zimetoka ngapi, na zimelipia nini. Idadi ya watoto inafaa ilingane na makadirio yanayotokana na sensa ya 2022. Ukikuta wametumia idadi ndogo ya zamani, asilimia ya utekelezaji itapanda bila shilingi moja kuongezeka. Swali la tatu ndilo lenye uzito. Fedha inaweza kutoka yote, rangi ya kijani ikawekwa kwenye kadi alama ya lishe (jedwali la rangi la kupima utekelezaji), na bado nyingi ikawa imekwenda kwenye posho za vikao na mafuta ya gari. Ombeni mchanganuo wa malipo, mtenganishe mafungu matatu: vifaa, kazi za kijijini (siku ya afya na lishe ya kijiji, kupima watoto, mapishi darasa), na vikao.

Pili, asilimia kumi. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kinataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inakokotolewa baada ya kutoa vyanzo lindwa, kwa mfano uchangiaji wa huduma za afya. Makusanyo yasiyolindwa yakiwa Sh 3,000,000,000, mchango ni 300,000,000 na fungu la vijana ni 120,000,000. Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni marejesho ya mikopo ya zamani kuhesabiwa kama mchango mpya. Marejesho yanapaswa kuzunguka kukopesha vikundi vingine. Mchango wa mwaka huu ni fedha nyingine kabisa. Wa pili ni kulinganisha miaka bila kukumbuka kwamba mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima Aprili 2023 na ikarudi mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Mwaka wa katikati ukiuweka kwenye grafu bila maelezo, unaidhulumu halmashauri.

Sasa jambo la huku kwetu ambalo fomu za kutoka Dodoma au Dar hazilioni: msimu. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya mkulima. Korosho ikiuzwa Sh 3,000 kwa kilo, halmashauri inapata Sh 90. Minada inaanza Oktoba na kusogea mpaka Januari hivi. Halmashauri inayoishi kwa korosho, kama za ukanda wa Tandahimba na Newala, robo ya kwanza (Julai hadi Septemba) iko mikono mitupu. Lindi mna ufuta wa kuanzia mwishoni mwa Mei, na mbaazi, kwa hiyo mkondo ni tofauti. Ukipima robo ya kwanza peke yake utasema halmashauri haijali watoto. Ukipima robo ya pili peke yake utaisifu kupita kiasi. Pima mwaka mzima, kisha uliza swali kali zaidi: fedha ya korosho ilipoingia Novemba na Desemba, fungu la watoto lilitoka baada ya siku ngapi, na nani alitangulia kulipwa? Ukipata tarehe ya fedha kuingia na tarehe ya fungu kutoka, umepata kiashiria kimoja kinachosema kuliko vingine ishirini.

Nyaraka: taarifa za robo za mapato na matumizi zinazopelekwa kamati ya fedha, taarifa ya Mkaguzi Mkuu (CAG) ya halmashauri yenu ambayo huwekwa wazi baada ya kuwasilishwa bungeni mwezi Aprili, na mbao za matangazo za vijiji na kata. Piga picha mbao hizo hata zikiwa tupu. Utupu wake ni takwimu.

Zahanati_Kwetu

Naongezea upande wa afya, kwa kifupi.

Msiombe asilimia za chanjo pekee. Asilimia ya chanjo ikiwa 108, maana yake mara nyingi ni kwamba idadi ya walengwa ni ndogo kuliko watoto waliopo, au watoto wa wilaya jirani wanakuja kituoni. Mipakani jambo hilo ni la kawaida. Tumieni namba kamili za watoto, na mtoke nje mkaangalie kadi. Chagueni kaya 30 katika kijiji, muone kadi za kliniki za watoto wenye miezi 12 hadi 23, muangalie kama dozi ya kwanza ya surua (miezi 9) ipo. Ya pili hutolewa mtoto akifikisha miezi 18, kwa hiyo mtoto wa miezi 14 asiyenayo msimhesabu kama aliyekosa.

Kituoni pitieni vitu, msikae kwenye maelezo. Mizani ipo na inarudi kwenye sifuri? Ubao wa urefu upo? Bila ubao huo udumavu hauonekani, kwa sababu mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito usiotisha na akapita kila mwezi akiandikiwa "vizuri". Utafiti wa afya wa 2022 uliweka udumavu kitaifa kwenye asilimia 30, kwa hiyo kituo kinachosema hakina mtoto hata mmoja aliyedumaa hakipimi. Tepe ya kupimia mzunguko wa mkono ipo? Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri. Kisha muulizeni mhudumu: mtoto wa 11.2 akitokea leo, anapelekwa wapi na chakula dawa (chakula maalumu cha kutibu utapiamlo) kipo? Muombeni aonyeshe leja ya bidhaa, muangalie siku ambazo salio lilikuwa sifuri katika miezi sita iliyopita: dawa mseto ya malaria ya watoto, matone ya vitamini A, chakula dawa.

Cheti cha kuzaliwa msikisahau. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ina mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, na mikoa yetu imo. Katika zile kaya 30 ulizeni cheti kipo au hakipo, na kama hakipo, kwa nini. Jibu la "vyeti viliisha" na jibu la "tuliombwa hela" yanahitaji hatua mbili tofauti kabisa.

Kwa vijana: huduma rafiki kwa vijana ipimeni kwa saa na mlango. Kama inatolewa saa mbili hadi saa nane mchana, mwanafunzi hawezi kufika. Kama msichana wa miaka 16 anapaswa kukaa benchi moja na mama zake wadogo wakimuuliza amefuata nini, huduma hiyo haipo hata kama imeandikwa ukutani.

Chaki_na_Daftari

Shule zina takwimu nyingi kuliko idara yoyote, na ndizo zinazodanganya kwa urahisi, kwa sababu uandikishaji hauonyeshi mahudhurio.

Chukueni daftari la mahudhurio la darasa la tatu na la sita kwa wiki mbili: moja ya Machi, moja ya katikati ya Oktoba. Jumlisheni waliohudhuria kila siku, mgawanye kwa walioandikishwa mara siku za masomo. Kwenye vijiji vya korosho tofauti ya wiki hizo mbili ndiyo itakayowaonyesha watoto walio mashambani wanaokota, au waliobaki kulea wadogo zao wazazi wakiwa wamehamia mashambani. Siku ya ziara hesabuni vichwa darasani saa tatu asubuhi, bila kutoa taarifa ya saa, mlinganishe na daftari la siku hiyo. Daftari likisema 52 na vichwa vikiwa 37, basi namba za Machi nazo zipunguzieni imani.

Ruzuku: kwa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hufika shuleni na 4,000 hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 500 ingepaswa kupokea Sh 3,000,000 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi. Sekondari ni 25,000, nusu yake ikifika shuleni. Muombeni mwalimu mkuu taarifa ya benki. Muda wa kufika una uzito sawa na kiasi.

Vyoo: kawaida ya nchi ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Wasichana 260 wanahitaji matundu 13. Wavulana 240 wanahitaji 10. Hesabuni yanayotumika tu: lina mlango unaofungika, halijajaa, na maji yapo umbali wa hatua chache. Nimeona taarifa zikihesabu matundu yaliyofungwa kwa misumari. Kwa wasichana angalieni chumba cha kujisitiri, na nani anashika ufunguo. Ufunguo ukiwa kwa mwalimu wa kiume, chumba hicho hakitumiki.

Kiashiria ninachokipenda kuliko vyote: watoto waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza ambao hawakuripoti. Orodha ya waliochaguliwa hutoka TAMISEMI mwezi Desemba. Mwisho wa Machi chukueni orodha ya shule moja ya msingi, mfuatilie jina kwa jina kwenye shule walikopangiwa. Wasiopatikana, muulizeni mtendaji wa kijiji wako wapi. Mtakuta wengine wamehamia shule nyingine, wengine wako Kariakoo wanauza maji, wengine wameolewa. Kisha ulizeni afisa elimu kata alifanya nini kwa kila jina. Hapo ndipo huduma inapimwa: kama kuna mtu ambaye kazi yake ni kugundua kwamba mtoto huyu ametoweka.

Pia Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, kurudi. Ulizeni kila sekondari: waliokatiza kwa ujauzito wangapi, waliorudi wangapi, waliorudi na bado wapo baada ya muhula mmoja wangapi. Namba ya tatu mara nyingi haiandikwi popote, na kutoandikwa huko mkuandike.

DadaUstawi

Nashukuru swali la "bila kuwaumiza" limeulizwa mapema.

Kwenye ulinzi, idadi ya kesi zilizoripotiwa haisomeki peke yake. Kata yenye kesi sifuri inaweza kuwa ndiyo yenye hali mbaya kuliko zote. Namna ya kuona ukweli ni kuweka rejista mbili kando kwa kando. Rejista ya wajawazito kliniki ina safu ya umri. Hesabu wasichana wa chini ya miaka 18 waliohudhuria kwa mara ya kwanza katika miezi 12. Kisha pata idadi ya mashauri ya ubakaji na mimba za utotoni yaliyofika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kutoka eneo hilo hilo. Kwa Kanuni ya Adhabu, kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akisema alikubali, isipokuwa akiwa mke halali mwenye miaka 15 au zaidi, na huo ni mwanya ambao Sheria ya Ndoa ya 1971 bado inauacha. Kama kliniki ina 60 na Dawati lina 7, kuna watoto 50 na zaidi ambao mfumo uliwaona ukawapima shinikizo la damu ukawarudisha nyumbani. Muulizeni mhudumu wa kliniki: ukiona mjamzito wa miaka 15 unamjulisha nani, kwa karatasi ipi? Kama hana jibu, tatizo ni kiungo kati ya afya na ustawi, na kiungo hicho ni kazi ya halmashauri.

Kisha fuateni kesi zinakofia. Zipo hatua: kutoa taarifa, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda hospitali) na vipimo, upelelezi, kufika mahakamani, hukumu. Kwa kila hatua andikeni zimebaki ngapi. Kwetu kusini nyingi zinakatika kati ya upelelezi na mahakama. Familia zinakaa zinamalizana, shahidi anakosa nauli ya kwenda wilayani mara ya tatu, au binti anahamishiwa kwa ndugu mkoa mwingine. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi. Ukali huo nao unafanya familia zifunge midomo pale mhusika ni ndugu au mlezi wa nyumba. Bajeti ya ustawi ikiwa na fungu la nauli za mashahidi watoto, hilo ni jambo kubwa la kusifu. Lisipokuwepo, pendekezeni hilo kabla ya semina yoyote.

Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto chini ya MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) zipo kwenye karatasi karibu kila kijiji. Msiulize kama ipo. Ombeni muhtasari wa vikao viwili vya mwisho na orodha ya hatua zilizochukuliwa kati ya kikao kimoja na kingine.

Sasa kuwasikiliza watoto. Msimhoji mtoto yeyote kuhusu ukatili uliompata yeye. Hamna ruhusa, hamna ujuzi, na mnaweza kuharibu ushahidi wa kesi. Waulizeni kuhusu huduma: wanajua ofisi ya ustawi iko wapi, wanaijua namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, njia ya shule ina nini, nani shuleni wangemwendea. Vikundi vya watoto 8 hadi 10, wasichana peke yao na wavulana peke yao, miaka 10 hadi 14 mbali na 15 hadi 17, dakika 60 au 70 tu. Mzazi aridhie kwa maandishi, mtoto naye aulizwe na awe huru kukataa. Mkae chini ya mti unaoonekana lakini maneno hayasikiki. Mwalimu asiwepo. Mwezeshaji wa wasichana awe mwanamke, na vijiji vya Umakondeni awepo anayesikia Kimakonde, maana mtoto wa darasa la pili akilazimishwa Kiswahili sanifu atajibu "ndiyo" kwa kila swali.

Washiriki msimwachie mwalimu mkuu awachague, atawapa viranja. Chukueni daftari lenye majina 120, mkitaka 10 mnachukua kila jina la 12, mkianzia namba mliyoipata kwa kura. Watoto wasio shuleni watafuteni kwa mabalozi wa nyumba kumi, sokoni, ufukweni boti zinapotia nanga. Watoto wenye ulemavu waulizeni majumbani, kwa sababu wengi hawamo kwenye daftari lolote. Msifanye zoezi likizo ndefu za Juni na Desemba wakati wa jando na unyago. Watoto hamtawapata, na mazungumzo hayatakuwa huru.

Kabla ya siku ya kwanza, muwe na jina na simu ya afisa ustawi aliyekubali kupokea rufaa. Mtoto akisema jambo zito, mnasikiliza, hamuulizi undani, mnamwambia mtamjulisha nani, mnajulisha siku hiyo hiyo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Msiahidi siri msiyoweza kuitunza.

PwaniKusini

Mengi mazuri hapo juu. Ila naona mnakwepa kutoa daraja. Madiwani wana mambo mengi. Wakipewa kurasa arobaini bila kuambiwa hali ni nzuri au mbaya, hawasomi. Uingereza, upande wa England, wana chombo kinaitwa Ofsted kinachokagua huduma za watoto za kila halmashauri na kutoa madaraja ya ngazi nne, la juu kabisa hadi lisilofaa. Utaratibu wanaoutumia sasa ulianza 2018, na kuanzia 2023 wameongeza daraja la pekee kwa vijana wanaotoka kwenye malezi ya halmashauri. Kinachonivutia ni kwamba wakaguzi wao muda mwingi wanakaa na maafisa ustawi wakipitia mashauri ya watoto mmoja mmoja. Kwa nini MwanaMtama na wenzake wasichukue mafaili kumi wakafanya hivyo?

DadaUstawi

PwaniKusini, daraja nakubali, mafaili hapana, si kwa asasi. Ofsted wana mamlaka ya kisheria ya kuyafungua. Kwetu faili la mtoto ni siri, na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi juu yake.

Lakini kiini chake kinawezekana. Mwombeni afisa ustawi achague kila shauri la tano katika rejista mpaka yatimie kumi, kisha yeye mwenyewe awaandikie tarehe nne tu kwa kila moja, bila jina, bila kijiji: siku ya kuripotiwa, siku mtoto alipoonwa mara ya kwanza, siku mpango ulipoandikwa, siku ya ziara ya mwisho. Mkipanga siku kati ya tarehe ya kwanza na ya pili, mmepata picha ya utendaji bila kumgusa mtoto. Mkiona siku 40, msikimbilie kumlaumu afisa. Ulizeni anahudumia kata ngapi na ana usafiri gani. Afisa mmoja, kata saba, hana hata pikipiki: hilo ni deni la bajeti.

Na kwenye ripoti, namba yoyote ndogo kuliko 5 msiitaje kwa kijiji. Andikeni "chini ya 5" au muiweke ngazi ya kata. Kijiji kikiwa na mjamzito mmoja wa miaka 14, namba "1" ni sawa na kutaja jina lake.

MwanaMtama

Ahsanteni sana, tunaivunja rasimu na kuianza upya. Maswali mawili yaliyobaki. Halmashauri ikituambia taarifa hizi si za umma tufanyeje? Na sampuli: tuna kata nyingi, pikipiki ni hizo tatu, na barabara mnazijua.

Hesabu_za_Kata

Anzeni kwa barua kwa Mkurugenzi Mtendaji, nakala kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Ustawi wa Jamii, mkiambatanisha cheti cha usajili, dodoso zote na orodha ya nyaraka mnazoomba. Msifiche dodoso. Mkurugenzi akiziona mapema anapoteza sababu ya kuwazuia, na nyinyi mnaingia kata kwa barua yake mkononi, jambo ambalo kwa mtendaji wa kata ndilo linalofungua mlango. Mkikwama, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi na inampa ofisa siku 30 za kujibu. Hesabuni siku hizo kwenye ratiba yenu tangu mwanzo. Na ombeni nyaraka kwa jina na kipindi chake. "Takwimu zote za watoto" ni ombi linalokataliwa kirahisi.

Kata nne zinatosha, zikichaguliwa kwa tofauti: moja ya makao makuu, moja ya barabara ya lami, moja inayokatika mvua zikishika, na moja ya pwani kama mnayo. Kila kata vijiji viwili, shule moja ya msingi kwa kijiji, sekondari ya kata, na zahanati au kituo kimoja. Timu ya watu watatu inamaliza kata kwa siku tatu. Ile inayokatika iendeni kwanza, kabla ya mvua za Desemba, halafu muulize ikikatika nani anapeleka chanjo na kwa njia gani.

Daraja toeni kwa kila huduma peke yake, sio moja kwa halmashauri nzima, maana chanjo nzuri itaficha ulinzi mbovu. Mkishajaza jedwali, pelekeni rasimu kwa wakuu wa idara wasome kwa siku kumi na waandike majibu yao, muyaweke ndani ya ripoti hata msipokubaliana nayo. Baadhi ya makosa yenu watayagundua wao, na ni bora yagunduliwe hapo kuliko mbele ya baraza.

Njia ya bajeti: vipaumbele vinaibuliwa vijijini, vinapita kamati ya maendeleo ya kata, vinafika kwa wataalamu na kamati za kudumu, kisha baraza linapitisha, kwa kawaida Februari. Ripoti ya Machi ni ya mwaka wa mbele. Kwa hiyo mapendekezo matatu, yenye kiasi na kasma (fungu la bajeti), yawe mezani kwa mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii kabla Desemba haijaisha. Mfano: nauli za mashahidi watoto, kiasi kadhaa, ubao wa urefu mmoja kwa kila zahanati isiyokuwa nao, idadi kadhaa mara bei ya Bohari ya Dawa, pikipiki moja ya ustawi. Diwani anaweza kuitetea pikipiki. Hawezi kutetea "kuimarisha mifumo".

Matokeo ya kila kijiji yarudisheni kwenye mkutano mkuu wa kijiji husika. Unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, kwa hiyo hamhitaji kuitisha wenu. Mbali na huo, nakala ya ukurasa mmoja ibandikeni shuleni, kwa maneno ambayo watoto waliowajibu wanaweza kuyasoma.

Chaki_na_Daftari

La mwisho kutoka kwangu: yale majina ya watoto ambao hawakuripoti kidato cha kwanza msiyasubirishe mpaka ripoti itoke. Mkabidhini afisa elimu kata wiki hiyo hiyo, kwa barua, mbakize nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki sita rudini na nakala hiyo mkaulize jina moja moja.